Baba mkwe alipasuliwa saratani ya utumbo wa mwisho, mkojo haujarudi. Tuchague mpira upi?

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tukuyu. Baba mkwe wangu ana miaka 66. Alianza na mionzi wiki tano hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kisha akapasuliwa saratani ya njia ya haja kubwa. Wameondoa sehemu yote ya chini, sasa choo kinatokea kwenye mfuko upande wa kushoto wa tumbo. Siku ya tano walimtoa mpira wa mkojo, akashindwa kukojoa, tumbo likajaa, wakamrudishia. Tuliruhusiwa akiwa nao, leo ni wiki ya tatu. Kliniki wametuambia tuchague: aendelee na huu, atobolewe awekewe wa tumboni, au afundishwe kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira wa kuingiza na kutoa. Majirani wanasema wa tumboni ni wa watu wasiopona. Mume wangu yuko machimboni Chunya, nyumbani tupo mimi na mama mkwe ambaye macho yake ni mabovu. Kwa mila zetu mimi siwezi hata kumkaribia baba. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Swali lako wengi hutoka nalo kliniki wakiwa wamelibana moyoni, maana mkojo wa mzee si jambo la kuzungumzwa sebuleni.

Natanguliza jibu, maelezo yatafuata. Kama mikono ya baba haitetemeki, na akivaa miwani anaweza kusoma namba kwenye simu yake, afundishwe kujitoa mkojo mwenyewe. Mpira wa tumboni ni chaguo la pili, na kwa tumbo lililotoka kupasuliwa juzi una masharti yake. Huu alionao ulikuwa sahihi siku ya upasuaji, ukawa sahihi tena siku ile ya tano alipobanwa, ila si wa kukaa nao miezi. Na kabla ya kuchagua chochote, ombeni ajaribiwe tena kukojoa bila mpira. Kushindwa siku ya tano si hukumu ya maisha.

Sasa nikueleze kwa nini kibofu kimelala, kwa sababu ukilielewa hilo utaona mwenyewe mpira upi unakisaidia na upi unakichelewesha kuamka.

Wewe unatoka kwenye ndizi, kwa hiyo nitumie ndizi. Utumbo wa mwisho umekaa ndani kabisa ya nyonga, nyuma ya kibofu, umefunikwa na mafuta pande zote kama ndizi ilivyofunikwa na ganda. Saratani ya hapo hupenda kutambaa ndani ya ganda hilo. Mwaka 1982 daktari Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alionyesha pamoja na wenzake kwamba ugonjwa ulikuwa unarudi nyongani kwa sababu vipande vya ganda vilikuwa vinaachwa nyuma. Tangu hapo tunafundishwa kuitoa ndizi na ganda lake zima, bila kulichana. Wagonjwa wengi wapo hai leo kwa ajili ya fundisho hilo. Lakini neva za kibofu zimepita juu ya ganda hilohilo, zikitenganishwa nalo na utando mwembamba kama wa buibui. Zipo zinazoshuka kutoka kiunoni, hizo hukiambia kibofu kitulie kijae. Nyingine hutoka kwenye mifupa ya chini ya mgongo, juu ya makalio, nazo ndizo zinazokiamuru kikaze na kutoa. Mpasuaji akiwa mwangalifu namna gani, neva hizi huvutwa, huguswa na joto la chombo cha kuzuia damu, huvimba. Ikiwa zimechubuka tu zinarudi, nyingi kati ya wiki chache na miezi sita. Ikiwa zimekatwa pande zote mbili, kwa kawaida kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa umezishika, hapo matumaini ya kibofu kurudi kama zamani ni madogo.

Kwa baba kuna mengine matatu juu ya hilo. Ametolewa utumbo wote wa chini, kwa hiyo kibofu kimepoteza mto kilichokuwa kinauegemea na kimelalia nyuma kidogo, jambo linaloharibu mwelekeo wa mlango wake. Amepata mionzi, nayo hukikausha na kukikera kibofu. Na ni mwanaume wa miaka 66: huenda tezi dume lilikuwa limeanza kubana kimyakimya, yeye akiita uzee. Mulizeni, au mume wako amuulize kwa simu: kabla ya kuugua alikuwa anaamka mara ngapi usiku kukojoa? Mkojo ulikuwa unatoka kwa kasi au unadondoka miguuni? Jibu lake lina uzito kuliko vipimo vingi, kwa sababu kama tezi linahusika, ipo dawa iitwayo tamsulosini inayolegeza mlango wa kibofu. Tunaianza siku mbili tatu kabla ya kujaribu kutoa mpira. Inashusha presha kwa baadhi ya wazee, mtu akisimama ghafla anaona kizunguzungu, kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari wake, si ya kununua tu dukani.

Huenda unajiuliza kama walikosea kumtoa mpira siku ya tano. Hapana. Mwaka 1999 madaktari wa Ufaransa walichapisha utafiti wa wagonjwa 126 waliopasuliwa utumbo wa mwisho, nusu wakatolewa mpira baada ya siku moja, nusu baada ya siku tano. Waliotolewa mapema walibanwa na mkojo asilimia 25, waliochelewa asilimia 10. Ukiishia hapo utasema kuchelewa ni bora. Lakini maambukizi ya mkojo yalikuwa asilimia 20 kwa waliotolewa mapema na asilimia 42 kwa waliochelewa. Ndiyo maana siku hizi tunatoa siku ya kwanza hadi ya tatu kwa wengi, na kuwasubiri kidogo wale ambao saratani ilikuwa chini sana, kama baba. Kila siku ambayo mpira umekaa, kati ya wagonjwa mia moja, watatu hadi saba wanaongezeka kuwa na bakteria kwenye mkojo. Ukifika mwezi mmoja karibu kila mtu anao.

Basi tuanze na huu alionao. Unaitwa Foley, kwa jina la daktari wa Marekani, Frederic Foley, aliyeutengeneza miaka ya 1930. Una puto dogo mwishoni linalojazwa maji safi ya hospitali, kwa kawaida mililita 10, ili usichomoke. Uzuri wake ni kwamba kila muuguzi anaujua, kuanzia hospitali ya rufaa hadi kituo cha afya, na mgonjwa hahitaji kujifunza chochote. Kwa siku za mwanzo, mgonjwa akiwa na maumivu, amelala, tunahitaji kujua figo zinatoa mkojo kiasi gani kwa saa, hakuna unaoushinda.

Ubaya wake unakuja taratibu. Njia ya mkojo ya mwanaume ina urefu wa karibu sentimita 20, na mpira namba 16 una unene unaozidi milimita tano kidogo. Ukikaa humo wiki kwa wiki unasugua, njia inapata vidonda, vidonda vinapona kwa kovu, na kovu linabana. Nimewahi kupokea mzee aliyekaa na mpira uleule miezi saba. Alipotoka hospitali aliyopasuliwa hakuna aliyemwandikia tarehe ya kurudi, naye akaona kwa kuwa mkojo unatoka basi mambo ni mazuri. Tulipojaribu kupunguza maji kwenye puto, puto lilinywea lakini mpira haukutoka. Ulikuwa umeota ukoko mweupe mgumu, kama ule unaoganda ndani ya birika la chai, unene wa yai la kuku. Ilibidi tumpeleke chumba cha upasuaji kuuvunja. Kwa hiyo leo hii, kabla hujamaliza kusoma, tafuta kwenye makaratasi ya baba tarehe aliyowekewa. Mpira wa kawaida wa rangi ya njano au kahawia ubadilishwe kila baada ya wiki nne hivi. Ule mweupe unaopenyeza mwanga, wa silikoni tupu, unaweza kufika wiki kumi na mbili. Wiki ya tatu ni ya kuanza kupanga safari.

Na kuna jambo linalonisumbua zaidi ya ukoko. Mpira ukiwa wazi mchana na usiku, kibofu hakijai kamwe. Kinakaa kimesinyaa kama mfuko wa rambo uliokunjwa. Neva zinazojaribu kuamka hazipati kazi, na sisi hatuna namna ya kujua kama zimeamka. Wapo wanaoufunga mpira kwa kibanio na kuufungua kila saa tatu ili kukifanyisha kibofu mazoezi. Kwa mpira wa muda mfupi, tafiti hazikuonyesha kwamba kufanya hivyo kabla ya kuutoa kunasaidia, na mgonjwa akipitiwa na usingizi umefungwa anaumia. Asifanye nyumbani bila kuagizwa.

Wa tumboni nao usiuogope kwa maneno ya majirani. Si alama ya mtu asiyepona. Ni mpira uleule wenye puto, ila unapitishwa kwenye tundu dogo vidole viwili juu ya mfupa wa kinena, kwa sindano ya ganzi. Siku usipohitajika unatolewa, na tundu kwa kawaida linajifunga lenyewe baada ya siku moja hadi chache. Ukilinganisha na wa njia ya kawaida, wagonjwa wanalalamika maumivu kidogo, bakteria wanachelewa, njia ya mkojo inapumzika. Tena una faida moja kubwa: unaweza kuufunga, mgonjwa akajaribu kukojoa kwa njia yake ya kawaida, akishindwa unafungua. Hakuna kutoa na kurudisha. Kwa mtu ambaye mikono imepooza au haoni, mimi huuchagua bila kusita.

Shida yake kwa baba ni mbili. Ya kwanza, wakati mzuri wa kuuweka ulikuwa mle chumba cha upasuaji, tumbo likiwa wazi, mpasuaji akikiona kibofu kwa macho. Sasa tumbo limefungwa, utumbo unaweza kuwa umeshikana na kovu na kuteremka mbele ya kibofu, na sindano inapita bila kuona. Kutoboa utumbo ni hatari ya kweli. Kwa hiyo kama mtauchagua, kibofu kijazwe vizuri kwanza, kazi ifanywe kwa altrasaundi, na mtu aliyezoea. Kama hospitali mliyo karibu nayo haina hivyo, msikubali kufanyiwa kwa kubahatisha, ombeni rufaa ya Mbeya. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema. Ya pili ni ya nyumbani. Tayari ana mfuko wa choo kushoto. Ukiongeza tundu la mkojo chini yake, siku mfuko wa choo unapovuja, na mfuko wa choo huvuja, uchafu unateremkia kwenye kidonda cha mkojo. Nimeona ngozi ya mtu ikichubuka eneo lote kwa ajili hiyo. Na mpira wa tumboni ukichomoka ndani ya wiki nne za mwanzo, tundu linaweza kujifunga ndani ya saa chache. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilomita kama 70. Ukichomoka saa mbili usiku, fikiria mwenyewe.

Njia ya tatu ndiyo ninayotaka kukaa nayo, kwa sababu ndiyo inayoogopwa zaidi, na ndiyo iliyowarudishia wagonjwa wangu wengi maisha. Mgonjwa anaingiza mpira mwembamba usio na puto, mkojo unatoka wote, anauchomoa. Mara nne hadi sita kwa siku. Katikati hana mpira, hana mfuko mguuni, anavaa suruali yake anakwenda shamba, anakaa kanisani.

Kila ninapolieleza hili watu huuliza: kuingiza kitu mara nne kwa siku si ndiyo kukaribisha wadudu? Madaktari wenyewe waliamini hivyo zamani. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alichapisha kwamba wagonjwa wanaweza kufanya hivi kwa usafi wa kawaida tu, mikono iliyonawa kwa sabuni na mpira uliooshwa, bila glavu na vifaa vya chumba cha upasuaji, na wakawa salama. Hoja yake ni hii. Kibofu kilichojaa kupita kiasi kinatanuka hadi damu haipiti vizuri kwenye ukuta wake, na ukuta usio na damu ndio unaoshindwa kupambana na bakteria. Kukitoa mkojo kwa wakati kunalinda kuliko kuchemsha vyombo. Kwa hiyo ukimwona baba amesahau sabuni mara moja, usiogope sana. Akiruka zamu ya saa 10 jioni kwa sababu kuna wageni, hapo ndipo uogope.

Nikupe picha ilivyo. Mwaka juzi nilimfundisha mkulima wa viazi wa milima ya Uporoto, rika la baba, aliyepasuliwa kama yeye. Siku ya kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda, ameushika mpira kama mtu aliyeshika nyoka. Muuguzi wetu alimpa kioo kidogo, akamwonyesha. Nawa mikono kwa sabuni, osha na kichwa cha uume. Paka jeli sehemu kubwa ya mpira, si ncha tu. Uume uinuliwe uelekee tumboni, ili njia inyooke. Sukuma polepole. Karibu na mwisho kuna mahali panagoma, ndipo kwenye mlango na tezi dume. Hapo usilazimishe, vuta pumzi ndefu, kohoa kidogo, utasikia pamelegea. Mkojo ukianza, ongeza sentimita mbili tatu mbele, subiri uishe, chomoa taratibu, ukisita kila unapoona matone mapya. Mara ya kwanza ilimchukua nusu saa na jasho lilimtoka. Siku ya nne ilimchukua dakika tano. Nyumbani alijitengenezea kibuyu chirizi kando ya choo, na kopo lililochorwa alama za mililita, na daftari la shule la mjukuu.

Lile daftari ndilo linalonifanya niipende njia hii. Kila mara aliandika mistari miwili: alichokojoa mwenyewe, na kilichobaki ambacho mpira ulikitoa. Wiki ya kwanza mstari wa kwanza ulikuwa sifuri tupu, wa pili 400, 450, 380. Wiki ya tatu kukatokea 50 kwenye mstari wa kwanza, akanipigia simu. Wiki ya saba ilikuwa 250 kwa 150. Tulipunguza mara nne hadi mara mbili, kisha mara moja kabla ya kulala. Kilichobaki kilipokuwa chini ya mililita 100 kila mara kwa wiki nzima, tukaacha. Hakuna mpira mwingine unaokuonyesha kibofu kinavyoamka namna hiyo.

Kwa baba ningeanza na saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni, na saa 4 usiku. Lengo ni kibofu kisizidi mililita 400 hadi 500. Akiona mara nyingi kinafika 600, aongeze zamu moja kwa siku. Anywe maji lita mbili hivi kwa siku, ayagawe mchana, apunguze baada ya saa moja usiku. Hili nalisema kwa mkazo kwa watu wa kwetu: Juni na Julai baridi ikikaza, wazee wanakunywa kikombe cha chai asubuhi na kingine jioni basi, mkojo unakuwa mzito kama mafuta, na maambukizi hufuata. Kama maji baridi yanamshinda, anywe ya uvuguvugu. Mipira inayoruhusiwa kutumika tena aioshe kwa sabuni na maji ndani na nje, aisuuze, aikaushe kabisa, aihifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Muuguzi awaambie aina mliyopewa inatumika vipi na ibadilishwe lini. Kama tezi linazuia mpira ulionyooka, ipo yenye ncha iliyopinda juu. Ombeni hiyo kabla ya kusema njia imeshindikana.

Na hapa ndipo suala la mila linapojibiwa. Najua kwa Wanyakyusa mkwe na baba mkwe wanaepukana hata njiani, na sitakuambia uvunje heshima hiyo. Njia hii haimhitaji mtu mwingine yeyote, na wazee wengi hilo ndilo linalowapa moyo. Mume wako aombe ruhusa siku tatu nne awepo baba anapofundishwa, ajue na yeye, maana siku ya homa au mkono kuumia lazima awepo mwanaume wa kusaidia. Kama mume hapatikani, kaka wa baba au mjukuu wa kiume mkubwa. Kazi yako wewe ni sabuni, maji, daftari lisikosekane, na kumkumbusha saa kupitia kwa mama. Hiyo ni kazi kubwa.

Jaribio la kutoa mpira lipangeni Jumatatu au Jumanne, asubuhi. Wakitaka kumtoa Ijumaa mchana mrudi Tukuyu, kataeni kwa adabu. Akibanwa usiku wa Jumamosi mtateseka barabarani. Sisi hupenda kujaza kibofu kwa maji ya chumvi ya hospitali kama mililita 300 kupitia mpira uleule, tunautoa, anasimama, anakojoa, tunapima kilichotoka na kuangalia kilichobaki kwa altrasaundi. Jibu linapatikana papo hapo. Akishindwa, mafunzo yaanze siku hiyohiyo wodini badala ya kumrudishia Foley na kumpa tarehe nyingine.

Kitu kimoja huwadanganya wengi. Mpira ukitolewa, mzee akaanza kutoa mkojo kidogo kidogo kila baada ya dakika kumi, au nguo zinalowa usiku, familia hushangilia kwamba mkojo umerudi. Mara nyingi ni kinyume. Kibofu kimejaa hadi kinamwagikia pembeni kama pipa chini ya bati, na nyuma yake figo zinapata shinikizo. Mtu aliyekojoa kweli anatoa mkojo wa kutosha kwa mara moja na tumbo la chini linalegea. Matone ya kila dakika yapelekeni hospitali siku hiyo.

Kuhusu dawa. Mkojo ukiwa na ukungu au harufu bila homa wala maumivu, kwa mtu mwenye mpira wa aina yoyote, usikimbilie duka la dawa kununua siprofloksasini. Bakteria watapatikana kwenye kipimo, hilo tunalijua kabla ya kupima, na kuwapiga dawa bila ugonjwa kunawafundisha usugu. Siku baba atakapougua kweli, dawa zitakuwa zimekwisha nguvu. Mwongezee maji, mtazame. Lakini akitetemeka kwa homa, akiumwa ubavuni, akichanganyikiwa, mkojo ukiwa na mabonge ya damu, mpira ukikaa saa nne bila kutoa kitu ilhali anakunywa, au ukiona kinyesi au upepo unatoka kwenye mkojo, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Kwa siku hizi mnazosubiri kliniki, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, umwagwe kabla haujajaa, na mpira ufungwe pajani usivutike. Aoshe sehemu zake kwa maji na sabuni kila siku mwenyewe. Msitenganishe mpira na mfuko bila sababu.

Liko la mwisho ambalo baba hatalisema na wewe huwezi kuliuliza. Neva zilizolaza kibofu ndizo zinazosimamia nguvu za kiume. Kama nazo zimelala, mzee atakaa na jambo hilo peke yake akidhani ni adhabu au uzee. Mume wako amwambie tu kwamba daktari anajua, kwamba linatokana na upasuaji, kwamba nalo huweza kurudi taratibu na lina msaada wake. Amwambie aingie kliniki peke yake siku hiyo, wengine mbaki nje, aulize.

Mkienda, chukueni karatasi ya kuruhusiwa, tarehe ya mpira, dawa zote anazotumia, na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza apige mistari mwenyewe: saa, alichokojoa, kilichobaki.